Swali Ambalo Mahakama Haikuuliza

Dobi alikuwa amechoka kuulizwa kwa nini mdogo wake wa kike alimuua mtoto wake mwenyewe mchanga. Mtaa ulishamwita shetani, na sasa alikuwa gerezani. Lakini binti mtafiti wa kesi za wanawake wafungwa, aliyeketi kati ya mafurushi ya nguo, aliuliza jingine: "Mama, baada ya kujifungua alikuwa analala?"

Dobi akaiweka pasi chini.

"Alikuwa halali kabisa. Usiku kucha anazungumza na ukuta. Niliwaambia wakwe zake, wakanicheka, eti anadeka."

"Huenda alikuwa mgonjwa wa akili kwa sababu ya uzazi, mama. Tumewakuta wengine kama yeye. Daktari akithibitisha, kesi inaweza kusikilizwa upya."

Dobi akajikuta amekwishavaa viatu.

"Basi nyanyuka, mwanangu, tumtafute daktari. Hizi nguo wenyewe watazivaa na makunyanzi."