Siku ya Kupimwa, Mwache Mtoto Ashindwe

Naikumbuka asubuhi ile tulipompeleka mjukuu wangu Kabula kupimwa, pale kituo cha afya cha Kharumwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzito tangu azaliwe, vidole vinajikunja. Tulisikia amekuja mtaalamu anayetazama mtoto anavyokula, anavyovaa na kushika vitu, kisha anawaonyesha wazazi mazoezi ya kufanya nyumbani.

Mwanangu, sisi Wasukuma mgeni hatumwonyeshi upungufu wa nyumba. Ndivyo tulivyolelewa. Basi mkwe wangu, Mama Kabula, akamvika mtoto gauni lisilo na kifungo hata kimoja, akamwambia auweke mkono ule mapajani, usionekane.

Mtaalamu, binti mpole tu, akauliza, "Anakula mwenyewe?"

"Anakula vizuri," akajibu mama yake. Na nyumbani yeye ndiye anayemkatia tonge la ugali na kumtia mdomoni!

Mtoto akapewa kikombe. Mama yake akamshika kiwiko cha mkono ule mzito chini ya khanga, akakiinua.

"Mama, mwache ajaribu."

"Huyu ana aibu na wageni."

Nikashindwa kuvumilia. "We Mama Kabula, mwachie! Kikianguka kianguke."

Akaninong'oneza, "Mayu, mama yangu, unataka mjukuu wako aitwe kilema mbele za watu?"

Baba yake, kijana wangu wa kwanza, alikuwa na haraka ya kurudi Geita kuchimba dhahabu. Akamnyanyua binti yake. "Si mmeambiwa anaweza? Twendeni."

Mtaalamu akatufuata hadi mlangoni. "Baba Kabula, mkono huu ukicheleweshwa utakaza. Mrudisheni."

Hawakumrudisha. Walihamia naye machimboni. Walipokuja tena, Kabula alikuwa anang'oka meno ya utoto na mkono umefunga ngumi. Mtaalamu yule yule akajaribu kuvikunjua vidole taratibu, mtoto akalia.

"Tutamfundisha kutumia wa kushoto," akasema. "Huu tutaulegeza kidogo, ila hautafunguka wote."

Mama Kabula akaketi sakafuni, analia. Mtoto akamtazama, akauliza, "Mama, nimekosea?"



Sasa wewe mwenye mtoto mdogo, nisikilize. Siku ya kupimwa usimpambe. Mwache amwage uji, mwache ahangaike na kifungo mpaka achoke. Ukiulizwa, taja anachoshindwa kwanza. Wakicheka watu, wacheke. Uji uliomwagika unapanguswa.

Mungu awape watoto wenu mikono ya kujilisha, na ninyi awape ulimi wa kusema kweli mtakapoulizwa habari zao.