Mkasi Uliopotea

Mama yangu ni fundi cherehani. Uongo wake ni mchache, lakini ukitoka unakuwa umepigwa pasi.

Mwaka ule baraza la mji lilitaka kuifunga nyumba ya hifadhi, ile wanayokimbilia wanawake waliopigwa, liigeuze ghala. Mama alilia waziwazi. Humo ndimo tulimolala miezi minne, mimi na yeye, tulipomkimbia baba.

Vikundi vitatu vya wanawake vikaamua kuandamana, kila kimoja kivyake, siku moja, saa ileile. Mawakili waliwaona wasichana wa chuo hawana adabu. Wasichana waliwaona mawakili maneno matupu. Wauza mboga wakasema hao wote hawajawahi kubeba hata kikapu. Na wote wakaagiza mabango ya kitambaa kwa Mama.

"Vita vya panzi, furaha ya kunguru," Mama akaguna.

Siku ilipofika wakagongana kwenye kibanda cha Mama cha kushonea, maana kila kikundi kiliambiwa kije saa mbili. Mama akakunjua kitambaa kimoja, kirefu mpaka nje: mabango matatu yameshonwa pamoja, tena mshono juu ya mshono.

"Haa, makubwa! Nimechanganya, wanangu. Uzee huu!"

Ana miaka arobaini na sita.

"Tupe mkasi tukate," akasema wakili.

"Umepotea tangu jana."

Nikauona, ncha imechungulia chini ya makalio yake. Nikafungua mdomo; akanikanyaga. Msichana mmoja akajaribu kukata kwa meno, wapi! Mama alikuwa ametumia uzi wa kushonea magunia.

Muda ukawa unayoyoma, wakalibeba hilo bango moja hivyohivyo. Kona ya kwanza nusura waanguke, mawakili wanakimbia, wauza mboga wanacheka. Mpaka muuza mboga mmoja mnene alipopaza sauti, "Kushoto! Kulia!" hata mawakili wakatii. Bango likaziba lango zima la baraza. Mwenyekiti, na njaa yake ya mchana, hakupata pa kutokea mpaka alipotia saini kwamba nyumba haifungwi.

Wiki iliyofuata mwanamke alibisha hodi pale, mtoto mgongoni, jicho limevimba. Msichana wa chuo alifungua, muuza mboga akabandika chai, wakili akaandika maelezo. Mtoto hakuwa na nguo ya kubadilisha. Mama akatandaza kitambaa amshonee, akajisahau, akautoa mkasi mkobani mbele ya macho yao.

Wakili aliutazama ule mkasi. Kisha akaweka kalamu chini, akamshikia Mama upande wa pili wa kitambaa.