Kamera Iliyotoka Puge

Fundi saa wa Isevya hakugusa kitu cha mtu kabla ya kupangusa vidole vyake kimoja kimoja kwa upindo wa shati, na sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyeketi karibu na mgonjwa. Nilimpelekea kamera kubwa ya mbao niliyoikuta katika ghala la marehemu baba mkubwa kule Puge, ambaye zamani alimbebea mizigo Mzungu mmoja mpiga picha kwenye njia ya misafara. Nilitaka kujua thamani yake. Fundi aligonga mbao kwa ukucha, akanusa ngozi ya mfuko wake wa mikunjo, akauinua juani kutafuta matundu. "Nzima," alisema. Akaisimamisha kwa miguu yake mitatu kuelekea barabarani, akajifunika kitambaa cheusi ili achungulie kioo cha nyuma. "Kamera hizi hupindua kila kitu, Getruda. Miti naiona kichwa chini, nyumba kichwa chini." Kisha akajisogeza karibu zaidi na kioo. "Huyu mwanamke mbona amesimama wima?"

Nilitazama barabarani. Jua la saa sita lilikuwa linawaka, na hapakuwa na mtu. "Mwanamke gani, fundi?"

"Mke wangu," alisema.

Mkewe tulimzika mwaka wa nzige. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Nilimsihi fundi atoke, nikamvuta shati, hakutoka. Habari ya bei ikanitoka kichwani. Nilimwacha humo ndani ya kitambaa, akiongea Kinyamwezi polepole, kama mtu anayembembeleza mgeni asiondoke mapema.