Jiwe la Kijani la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipohamia kwetu Goma kutoka Butembo, baada ya kupasuliwa jicho, alikuja na begi moja la nguo, rozari, na jiwe la kijani lililofungwa ndani ya leso. Lilikuwa refu kama kidole, na mwisho wake mmoja ulikuwa bado umeshikana na kipande cha jiwe jeupe. Baba mkwe, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akisafirisha maharagwe kwa lori. Jiwe alipewa na mtu aliyemlaza kwake wiki nzima, gari lilipokwama kwenye matope njia ya Walikale. Akamletea mkewe, akamwambia ni emerodi, yaani zumaridi.

Mimi nafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari hapa mtaani Himbi. Siku aliponipa nilishike, niliona kwamba si zumaridi. Zumaridi ina pande sita. Hili lilikuwa na pande tatu zilizovimba kidogo, na mistari myembamba ilishuka kwa urefu wake wote. Ilikuwa turmalini. Nilinyamaza. Si kazi ya mke wa mwana kuchunguza zawadi za marehemu.

Lakini binti yake wa mwisho alipoposwa, mama alianza kusema atampa emerodi mbele ya wakwe, watu wa Rutshuru, siku ya harusi. Niliogopa aibu ingempata mbele ya watu. Jumamosi moja asubuhi, tukiwa uani tunapika maharagwe, nikamwambia.

“Mama, ile jiwe si emerodi. Inaitwa turmalini.”

“Nani anaiita hivyo?”

Nikamweleza nilivyosoma. Jina lilitoka kisiwa cha Sri Lanka, karibu na India, ambako wauza mawe walilitumia kwa mawe ya rangi mchanganyiko wasiyojua aina yake. Mengine yakafika Uholanzi, na watu wa huko wakagundua kwamba jiwe hili likipata moto huvuta majivu. Wakawa wanasafishia viko vyao vya tumbaku, wakaliita mvuta majivu.

Mama akacheka. “Unanidanganya sababu niko muzee.”

Ningeweza kulipasha kwenye maji ya uvuguvugu, polepole. Lakini nilikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba nasema kweli, nikaliweka ukingoni mwa mbabula, lile jiko letu, karibu na makaa. Baadaye nikalishika kwa kitambaa, nikalisogeza kwenye sahani ya majivu baridi. Majivu yakaruka, yakaganda kwenye ncha zake kama unga.

“Yesu Maria,” mama akasema, akavaa miwani. “Rudia.”

Nikarudia, safari hii karibu zaidi na moto. Likatoa mlio mdogo, kama harage bichi chini ya jino. Lilikuwa limekatika vipande viwili.

Ndani lilikuwa la waridi. Ule ukijani wote ulikuwa ganda tu, kama la tikiti maji. Mama alingoja vipande vipoe, akaviokota, akavitazama kimoja kimoja. Nikaanza kuomba msamaha.

“Ulijua itapasuka?”

Jiwe hili ni gumu, linakwaruza hata kioo, lakini moto wa ghafla haliuwezi. Hilo nawafundisha wanafunzi. “Nilijua inaweza, Mama. Sikufikiri.”

Kisha akauliza, “Na baba yenu, alijua si emerodi?”

“Sidhani, Mama.”

“Mimi pia sidhani. Yule mutu hakujua hata kutofautisha mboga ya lengalenga na sombe.”

Siku mbili alisema nami habari za chakula tu. Siku ya tatu akaniomba nimpeleke kwa fundi mmoja mjini anayekata mawe ya pete. Fundi akaviosha vipande, akavitazama chini ya taa. Akasema mawe ya rangi mbili namna hii hutafutwa sana na wanaokusanya mawe. Aina nyingine, akasema, huwekwa ndani ya vyombo vya kupimia presha ya gesi na maji, kwa sababu zikibanwa hutoa umeme kidogo. Akakata kipande chembamba cha duara, waridi katikati na kijani pembeni, akakitoboa tundu la mkufu.

Bibi harusi alikivaa. Mkwe mmoja alipouliza ile ni nini, nilikuwa nyuma yao nimebeba sinia la wali.

“Si emerodi,” mama akajibu. “Ni turmalini.” Akaanzia Sri Lanka, aliyoiita kisiwa cha Wahindi, na alipofika Uholanzi chakula kilikuwa kimeanza kupoa. Mkwe akauliza mbona jiwe lilikatwa.

“Ilipasuka kwa moto,” mama akasema. Hakusema ni mkono wa nani ulioliweka pale. Akanigeukia, akaniambia nipitishe wali.