Ukweli Niliompa Mtani Aubebe

Mume wangu ni mbishi. Sisemi kwa ubaya, Bombambili nzima inajua. Akikuta watu wanabishana kama leo ni Jumanne au Jumatano, atavuta benchi akae, na atakapoinuka hapo wote watakuwa wamekubali kwamba ni Alhamisi.

Mimi nina genge la nyanya, vitunguu na dagaa wa Nyasa, pembeni kabisa ya kibanda cha kinyozi, kwa hiyo ubishi wao wote umepita masikioni mwangu nitake nisitake. Masika ile walikuwa na swali moja tu, wakalitafuna karibu mwezi mzima. Katika michezo yote, tangu watu waanze kushindana, nani mshindani mkubwa kuliko wote? Vijana wa bodaboda walitaja wacheza mpira wa Ulaya na makombe yao. Kinyozi alikuwa na bondia wake wa zamani ambaye hakuna aliyewahi kumwona akipigana. Mwalimu mmoja mstaafu alisema ni mwanamke, mcheza tenisi, wakamcheka siku mbili na yeye hakubadilika. Mwalimu yule namheshimu mpaka leo.

Mume wangu hakutaja mtu, alitaja sifa. Makombe hata fundi bati anaweza kuyatengeneza, alisema. Mshindani mkubwa ni yule ambaye hajawahi kujitoa: ameumia, amepitwa, amebaki peke yake barabarani, lakini amemaliza. Wenzake wakamwambia ataje jina. Akakataa.

Mimi nilijua anamsema nani. Ujanani aliuwakilisha mkoa katika mbio ndefu. Hakuwahi kushinda. Mara moja tu alikuwa wa tatu, na hiyo nafasi ya tatu tumekuwa tukila nayo wali na maharage tangu anioe. Lakini kujitoa, kweli, hakuwahi. Kuna siku nilimsubiri mwisho wa mbio mpaka waandaaji wakaanza kukunja kamba, akaja viatu vimeloa damu, akaniomba maji ya kunywa kama mtu aliyetoka dukani. Nilimpenda siku ile, na sioni aibu kusema.

Sasa miguu hiyohiyo. Kisukari alikuwa nacho kwa miaka minne. Ndala ilimchubua kidole gumba cha mguu wa kulia, hakusikia maumivu, na kwa kuwa hakusikia, hakuangalia. Aliyeona ni mimi, nilipofua soksi nikaikuta imegandamana na kitu cheusi. Hospitali daktari, binti mdogo mpole, alisema vidole viwili vikatwe ndani ya wiki hiyohiyo, kabla ubovu haujapanda. Mume wangu aliitikia vizuri kabisa, akasema asante daktari. Tulipofika getini akaniambia hakatwi mtu. Akaanza kuosha kidonda kwa maji ya chumvi na kupaka asali, na kila siku akawa anasema kinakauka. Hakikuwa kinakauka. Nilikuwa nasikia harufu.

Hapa ndipo ninapojichukia. Mimi ni mtu wa kusema. Mteja akibonyezabonyeza nyanya zangu halafu asinunue, atanisikia mpaka afike Mjimwema. Lakini neno hili moja lilinishinda. Mdogo wake mume wangu alipasuliwa tumbo baada ya mkewe kumshawishi, akafariki, na mawifi zangu mpaka leo hawamtaji yule mjane kwa jina. Wanasema "yule aliyempeleka". Niliogopa kuwa aliyempeleka wa pili. Nikawa nampikia, namwekea maji ya chumvi, nanyamaza.

Siku ya tatu nikapata akili, au nilidhani ni akili. Kinyozi ni Mhehe, na mume wangu ni Mngoni. Mababu zao walipigana vita, vita ikaisha, ukabaki utani, na utani huo wajukuu wameurithi kama mtu anavyorithi shamba. Mtani wako anaweza kukuambia lolote mbele za watu, hata msibani, na wewe huna ruhusa ya kununa. Kinyozi kila siku humwambia mume wangu kwamba Wangoni wote ni wakimbiaji, maana walianza kukimbia huko kusini ya mbali na hawakusimama mpaka Songea, kwa hiyo mtu wa damu hiyo kuwa wa tatu ni aibu ya ukoo. Mume wangu naye, kwa kuwa Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa, humuuliza leo kwake wamepika mbwa wa nani. Halafu wanagawana kashata.

Nikajiambia, hapa Bombambili mtu anayeweza kumweleza mume wangu ukweli usoni bila ugomvi ni huyu. Nikamfuata asubuhi kabla wateja hawajafika, akiwa anatia mafuta mashine yake. Nikamweleza yote, vidole, wiki aliyopewa, asali. Akaiweka mashine chini.

"Shemeji, mimi siyo wa kazi hiyo," alisema. "Maneno yangu kwake hayana uzito."

Nikambishia. Yeye, eti, nilimbishia. Nikamwambia ndiye pekee asiyeweza kununiwa, na kama anampenda rafiki yake atasema. Akaguna, akasema atajaribu.

Mchana mvua ilikatika, benchi likajaa, na swali lao likarudi palepale. Mume wangu akaanza tena na mtu wake asiyejitoa. Kinyozi alikuwa na kichwa cha mtu mkononi, akazima mashine. Akasema anabadilisha jibu lake. Mshindani mkubwa kuliko wote ni bondia yeyote ambaye kocha wake alirusha taulo ulingoni, naye akaiheshimu ile taulo, akashuka na macho yake mawili. Benchi lote likamgeukia. Akamnyooshea mume wangu kidole.

"Na wewe, Mngoni, kesho nenda wakakukate hivyo vidole. Umeoza. Unanuka mpaka wateja wangu wanakimbia."

Wakacheka wote. Mume wangu ndiye aliyecheka kuliko wote, akajipiga paja, akasema ahaa, kumbe Mhehe anataka vidole vyake akawanenepeshee mbwa kabla ya sikukuu. Kinyozi akasema hatanii, leo hatanii. Hapo ndipo kicheko kilipozidi, kwa sababu mtani siku zote husema leo hatanii. Yule aliyekuwa ananyolewa alicheka mpaka shuka likamdondoka.

Na mimi nilicheka. Nilikuwa nimeshika kopo la dagaa, nimejiinamia ili wasinione uso, na nikacheka jamani, kwa sababu ya mbwa.

Kinyozi alinitazama kupitia dirisha, akatikisa kichwa, akawasha mashine. Jioni mume wangu alinisimulia tena maneno yote, kama vile sikuwepo. Alikuwa na furaha. Nikaona nisimharibie.

Nikaacha siku nane zipite. Siku ya tisa alitetemeka kitandani asubuhi, meno yakigongana, akawa anaita watu waliokwisha kufa. Nikasimamisha bajaji. Yule binti daktari alisoma tarehe kwenye cheti, akanitazama, na ningeshukuru kama angenifokea. Walimkata chini kidogo ya goti.

Siku ya nne wodini kinyozi alikuja na machungwa. Alisimama miguuni pa kitanda, au niseme mguuni, mahali ambapo blanketi lilikuwa limelala bapa upande mmoja. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wanajua mila, wakageuka kusikiliza. Mume wangu alikuwa amejiandaa kabisa. Tangu atolewe chumba cha upasuaji sikuwa nimemwona na uso ule.

"Haya, Mhehe, sema," akamwambia. "Umefuata nyama?"

Kinyozi akasema, "Pole sana, kaka," akaweka machungwa juu ya kabati, akafunika macho kwa mkono na kulia palepale mbele ya watu.

Mume wangu alimtazama kama mtu aliyesomewa hukumu. Katika miaka yote ya kufahamiana kwao hakuwahi kupewa pole na mtu huyu, hata mama yake alipofariki alipewa matusi ya utani tu, na yalimsaidia. Kinyozi alipoondoka, mume wangu alinigeukia.

"Kumbe siku ile hakuwa anatania," alisema.

Nikamwambia hakuwa anatania. Nikaona nimalize, nikamwambia nilimtuma mimi.

"Ulimtuma mtani?"

Aliuliza taratibu, kama unavyomuuliza mtu aliyeweka chumvi kwenye chai. Nikaanza kueleza habari za mdogo wake, na dada zake, na jina ambalo sikutaka kuitwa. Nikaona mwenyewe jinsi maneno yale yalivyokuwa madogo pale kando ya kitanda. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Pale getini nilisema hakatwi mtu," akasema, "halafu nikasimama. Unakumbuka nilisimama? Nilikuwa naogopa, mama. Nilikuwa nasubiri unibishie."

Nakumbuka alisimama. Nakumbuka na nilichomjibu. Nilimwambia sawa, twende, mvua inakuja.