Aliyewapimia Ningu Mto Ngono

Protase alifika Nshamba kwa miguu, shati limechanika, damu imeganda sikioni. Joviana alikuwa kibanjani akitandaza majani chini ya migomba. Alipoona amekuja peke yake, majani yakamtoka mikononi.

"Ta Protase, mwenzako yuko wapi?"

"Waitu, Ma Joviana, Ildefons wamemuua. Kule mtoni Ngono. Wamesema ni mpelelezi wa adui."

Joviana hakupiga yowe. Aliuliza mwili uko wapi.

Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa mtoto wa mkulima wa kahawa, akasoma sekondari, akaajiriwa kupima mito. Yeye na Protase walivuta kamba toka ukingo hadi ukingo, wakasimika nguzo yenye namba za rangi nyekundu, wakapima kina na mwendo wa maji. Nyumbani Ildefons alichora mto mzima kwenye karatasi, akapiga hesabu: maji yakipungua kiasi hiki, samaki aina ya ningu watapanda hadi wapi kutaga mayai, na mazalio yapi yatakauka.

"Kumbe serikali inakulipa uangalie maji yakipita," Joviana alikuwa akimtania.

"Nawatandikia ningu kitanda, mke wangu. Nawe utakula watoto wao."

Vita vilipoanza mwaka ule wa sabini na nane, Joviana alimsihi abaki. Alijibu kwamba ningu hupanda wakati wa mvua, na mvua haingojei vita viishe.

Pale mtoni yeye na Protase waliwakuta wanaume wenye mapanga na marungu, wengi wao wakimbizi kutoka ng'ambo ya mto Kagera, ambako adui alichoma nyumba zao na kuwachinja ndugu zao. Wakamuuliza anatafuta nini. Ildefons hakuzoea kusema uongo. Akajibu, "Natafuta mahali maji hayazidi magoti na chini kuna changarawe."

"Mmemsikia?" mmoja alifoka. "Anawatafutia pa kuvukia!"

Walimpiga kwa nguzo yake mwenyewe mpaka ikavunjika. Akaita jina la Bikira Maria, wakamkanyagia kichwa majini. Protase alipigwa rungu la sikio, akaponea kwenye mafunjo.

Philbert, mdogo wa marehemu, alikwenda na Protase kuuchukua mwili, wakaurudisha kwa machela. Lakini maneno yalikuwa yamewatangulia. Uani hapakuwa na mtu wa kuchimba kaburi. Wanaume walisimama njiani na Josia, jirani waliyepakana naye migomba.

"Msaliti hatumchimbii," Josia alisema. "Mpelekeni kwa hao aliokuwa akiwapimia."

Joviana alijua maana yake. Mtu asiyechimbiwa na majirani, watoto wake wangekulia hapo kama mbwa wa kufukuzwa. Akachukua jembe, akaingia kibanjani, akaanza kuchimba kando ya kaburi la baba mkwe.

"Mwanamke hachimbi kaburi!" Josia alipaza sauti, akamfuata, akamkwapua jembe kwa nguvu hata Joviana akaanguka. "Unataka kutuletea mkosi kijiji kizima?"

"Basi chimba wewe, Ta Josia. Jembe unalo."

Philbert hakungoja jibu. Alimpokonya Josia jembe, akamtandika mpini mdomoni, jino likaruka. Mapanga yakainuliwa. Protase akajitupa katikati, akafungua kitambaa kilichofunika sikio lake.

"Kamba tulishika wawili! Kama yeye ni msaliti, nami ni msaliti. Nimalizieni hapa, mke wake akiona!"

Hakuna aliyemgusa. Mzee Ndyamukama, katekista, alipita kati yao, akaokota jembe, akachimba. Wengine wakaweka mapanga chini wakamsaidia. Josia aliondoka akitema damu, na baadhi wakaondoka naye. Mkewe alibaki. Alikata nyasi, akazitandaza sebuleni kwa ajili ya waombolezaji.

Padri hakuweza kufika, barabara ilikuwa imejaa malori ya jeshi. Ndyamukama aliongoza sala. Ildefons aliviringishwa rubugo, nguo ya magome ya mti, rozari ikafungwa mkononi, uso ukafunikwa kwa jinsi ulivyoharibika. Philbert na Protase walimshusha. Joviana alitupa udongo, kisha watoto, kisha majirani waliokuwepo. Mvua ilikuwa inanyesha. Walifukia, wakasimika msalaba wa mti, wakasali Salamu Maria, wakaingia ndani.