Unabaki ama Unahama?

Sisi tuliokulia Mbale kabla simu haijawa mlezi wa watoto tulikuwa na michezo isiyohitaji chaji. Tulicheza kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwenye uwanja wa laini za polisi, nyumba za askari tulikoishi, mpaka vumbi likatubadilisha rangi, na mvua ikikatika tulisimama kutazama maji yakishuka meupe kwenye majabali ya mlima Wanale. Njaa ikiuma tulitafuna muwa. Watoto wa siku hizi, bando likiisha, wanajilaza kama wagonjwa.

Lakini mchezo ninaoukumbuka kuliko yote ni wa Haboba, maana ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi. Nikiukumbuka, moyo unanichoma hadi leo.

Haboba aliishi Nakaloke, nje kidogo ya Mbale. Kila likizo mimi nilipelekwa kwake kutoka mjini, na shangazi Halima, aliyeuza vitenge sokoni Jinja, alimleta binti yake Zamzam. Tulilingana karibu kila kitu, ila viatu vyake vilikuwa na vifungo vinavyong'aa na nywele zake zilishika mafuta vizuri. Zamzam akikohoa alipewa asali. Mimi nikikohoa niliambiwa ninywe maji ya moto. Nilimwonea wivu tangu asubuhi hadi tunapolala, mkeka mmoja.

Jioni Haboba alikaanga kabalagala, vile vimandazi vya ndizi mbivu na unga wa muhogo, nyumba nzima ikanukia. Cha mwisho hakukigawa. Alikificha chini ya kimoja kati ya vikombe vitatu vya bati, sisi tukiwa tumegeukia ukuta. Mmoja wetu alichagua kikombe. Kisha Haboba, ambaye alijua kilipo, alifunua kimoja kati ya vile viwili vingine, siku zote kile kitupu, akauliza, "Unabaki ama unahama?"

Mimi nilibaki. Baba yangu alikuwa askari polisi, majirani wote wakimwita Afande, na nyumbani neno lake lilikuwa moja: "Askari hapana acha posti!" Kuhama kikombe niliona ni kukimbia vita. Tena hesabu ilikuwa wazi. Vimebaki vikombe viwili, kabalagala iko huku ama kule, nusu kwa nusu. Kuhama kungeniongezea nini? Zamzam alihama kila mara, bila haya, na kila likizo alirudi Jinja amenenepa. Mimi nilishinda mara mojamoja. Sababu niliijua: Haboba anampendelea.

Likizo tuliyomaliza shule ya msingi, Haboba alivua bangili yake ya fedha, ile nzito aliyovishwa na mama yake. "Bangili moja, nyinyi wawili," alisema. "Vikombe vitaamua. Mariamu ndiye mkubwa, achague kwanza."

Nikachagua cha katikati. Akafunua cha kushoto, kitupu.

"Unabaki ama unahama?"

"Nabaki."

"Basi kilichobaki ni cha Zamzam."

Zamzam akakifunua, na bangili ikawa pale, imetulia. Usiku ule sikula. Nilirudi mjini siongei na mtu.

Haboba hayupo tena. Zamzam na mimi tumezeeka, tunakutana misibani na harusini, na kila mara macho yangu hufika mkononi kwake kabla ya usoni. Wiki iliyopita nilikwenda Jinja kumsaidia maandalizi ya harusi ya binti yake. Nikasikia bangili itakuwa ya bibi harusi. Tukiwa jikoni tunaosha vyombo, nikashindwa kunyamaza.

"Haboba alikupendelea wewe. Alikuwa anakuonyesha kikombe."

Zamzam aliacha sufuria. "Wee Mariamu! Mpaka leo?"

Akaelekeza kidole kwenye vikombe vya harusi, mia nzima, vimepangwa mezani. "Sema nimeficha bangili chini ya kimoja. We chagua." Nikagusa kimoja. "Sasa mi najua iko wapi. Nafunua vyote vitupu, naacha chako na kile kimoja pale pembeni. Unabaki?"

Hata mkaidi kama mimi angehama. Kwa vikombe mia, ningebahatishaje kugusa chenyewe mara ya kwanza? Kwa vitatu ni vilevile, ila tunadanganyika kwa sababu ni vichache. Kikombe changu kilikuwa na bahati moja kati ya tatu, na hiyo haikukua hata kidogo Haboba alipofunua kingine. Vile viwili vingine vilikuwa na bahati mbili kwa pamoja. Yeye aliyejua alikitoa kitupu, na bahati zote mbili zikabaki kwa kile kimoja. Sisi tunaona vikombe viwili tu, tunasema nusu kwa nusu, tunasahau kwamba mkono uliofunua haukuwa unabahatisha.

"Nani alikufundisha?"

"Binti yangu, juzi tu. Zamani mi nilifuata mama. Yeye kwa soko, mahali biashara haiendi, anahama. Basi."

Ndugu zangu, wivu ulinizidi. Miaka yote nilikuwa na wa kumlaumu. Sasa kumbe hakuna aliyeninyima kitu, na Zamzam hata hakufikiri!

Labda aliona uso wangu. Alivua bangili. "Haya, chagua tena. Ukipata, yako. Binti yangu nitamtafutia nyingine."

Akatenga vikombe vitatu, nami nikageukia ukuta, mama mzima. Nikachagua cha katikati. Akafunua cha kushoto, kitupu.

"Unabaki ama unahama?"

Nilimwona baba na kofia yake ya polisi. "Nahama," nikasema.

Nikafunua cha kulia. Kitupu. Bangili ilikuwa katikati.

Zamzam alicheka mpaka akakaa chini. Anayehama hushinda mara mbili kati ya tatu. Ile ya tatu ilikuwa inaningojea mimi, Jinja. Bibi harusi akaja mbio na simu yake, akitaka turudie apige video. Wao wana raha. Simu inawaambia wahame kabla chai haijapoa, na hata wao nawaonea wivu. Sisi tulikuwa na vikombe vitatu vya bati, harufu ya kabalagala, na Haboba wa kutuuliza. Ningempata aniulize tena, ningekubali kukosa kila jioni.

Harusi ni Jumamosi. Nitakaa mbele, nitapiga vigelegele kuliko wote, na macho yangu mnajua yatakuwa wapi.